Kuogelea mapangoni, magofu na mji uliohamwa: safari ya siku nane ipangweje?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Sisi ni vijana sita wa Morogoro, tunafanya kazi ofisi moja, na tumepata likizo ya siku nane mwishoni mwa Septemba. Tunatamani safari moja yenye mambo matatu: kuogelea katika maji ya asili, si bwawa la hoteli, kuona magofu ya kale, na kufika katika mji uliohamwa kabisa na watu wake. Wapo wanaotaka twende kwenye chemchemi ya Chemka kisha magofu ya Engaruka, na wapo wanaotaka pwani. Wawili kati yetu hawajui kuogelea, na mmoja anaogopa majini (mashetani) wa mapangoni. Tuchague wapi, na tujihadhari na nini?

JIBU: Marahaba, na nashukuru kwamba mmeuliza kabla ya kukata tiketi. Kwa siku nane, na kwa kundi ambalo theluthi yake haijui kuogelea, ushauri wangu ni pwani: mwanzo Unguja kwa ajili ya mapango yenye maji, kisha Kilwa Kisiwani kwa ajili ya magofu, na mwisho Songo Mnara, ambao ndio mji mtupu mnaoutafuta. Chemka na Engaruka nitazirudia baadaye, lakini zinadai safari yake peke yake. Njia ya pwani ina faida nyingine ambayo wasafiri wengi hawaitambui, nayo ni kwamba vitu vyote vitatu mlivyovitaja vimetokana na jambo moja, yaani maji matamu yaliyomo ndani ya mwamba wa matumbawe, na mtu akilielewa hilo mapema huyatazama magofu kwa jicho jingine.

Nieleze kidogo, kwa sababu maelezo haya yatawasaidia hata katika usalama wenu. Sehemu kubwa ya pwani yetu, na hasa upande wa mashariki wa Unguja, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale ambayo zamani yalikuwa chini ya bahari. Mwamba huo umejaa vitundu na nyufa, kwa hiyo mvua inaponyesha maji hayajikusanyi juu ya ardhi yakawa mito. Huzama moja kwa moja. Huko chini hukutana na maji ya chumvi yanayopenya kutoka baharini, na kwa kuwa maji ya mvua ni mepesi kuliko maji ya chumvi, hubaki yakielea juu yake katika tabaka ambalo karibu na ufuko huwa jembamba sana. Pale ambapo mwamba umeliwa na maji kwa maelfu ya miaka hata paa likabomoka, hutokea pango lenye dimbwi maangavu. Pale ambapo watu wa kale waliuchimba mwamba huohuo kwa mikono yao, walipata kisima. Walipoukata, walipata mawe ya kujengea. Na walipoyachoma mawe, walipata chokaa. Ndiyo maana mara nyingi mtakuta magofu hayako mbali na kisima au pango, na ndiyo maana nawaomba kila mtakapofika muulize kwanza maji yalikuwa wapi.

Kwa kuogelea, elekeeni kusini mashariki mwa Unguja, katika vijiji vya Paje na Jambiani. Paje kuna pango linaloitwa Maalum na Jambiani kuna pango la Kuza; yote mawili yamewekewa ngazi na uangalizi, na wageni huingia kwa kulipa. Mtatakiwa kuoga kabla ya kuingia majini na kutojipaka mafuta ya kukinga jua, na msilichukulie sharti hilo kuwa usumbufu. Dimbwi la pangoni halina mkondo wa mto wa kulisafisha kwa saa chache; kilichoingia hukaa, na maji hayohayo ndiyo yanayoendelea chini kwa chini kuelekea visima vya majirani. Chagueni saa za jua kali, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mwanga unapopenya kwenye uwazi wa paa hadi ndani ya maji. Mtaona jinsi sakafu ya pango inavyoonekana kana kwamba iko kiunoni, ilhali mtu akishuka hupotelea kichwa. Hilo ndilo kosa kubwa la maji maangavu: hudanganya kina. Kwa hiyo asiruke mtu yeyote kutoka juu, hata kama atamwona kijana wa kijijini akiruka, maana kijana huyo anajua jiwe lililojificha liko wapi na ninyi hamjui.

Wenzenu wawili wasioogelea hawana haja ya kubaki nje wakilinda mabegi. Wavae jaketi okozi, washuke kwa ngazi, na wakae sehemu ambayo mkono unafikia kamba au ukingo. Mmoja wa wanaojua kuogelea awe nje ya maji muda wote, akiwatazama bila simu mkononi. Ajali nyingi za mahali kama hapa hutokea watu wakiwa wengi na kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayeangalia. Jueni pia kwamba mapango yaliyo karibu na ufuko husikia kupwa na kujaa kwa bahari, hivyo kina mlichokipima asubuhi huenda kisiwe kile cha jioni. Msiingie katika matundu ya pembeni yanayoendelea gizani chini ya mwamba, hata kwa kupiga mbizi ya mara moja tu kutaka kujua yanaishia wapi. Mwishoni mwa Septemba mvua za vuli huwa bado hazijashika, na hilo ni jambo jema, kwa sababu baada ya mvua kubwa maji ya mapangoni hupokea uchafu wote wa juu.

Si kila pango lenye maji ni la kuogelea. Mangapwani, kaskazini ya Mji Mkongwe, kuna pango la asili lenye dimbwi la maji baridi, na si mbali nalo kuna chumba kilichochongwa ndani ya mwamba ambacho kinahusishwa na kufichwa kwa watumwa baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku mwaka 1873. Nendeni mkaone, mshuke taratibu, msikilize maelezo, lakini nguo za kuogelea ziacheni garini. Vivyo hivyo pango la Kuumbi karibu na Jambiani, ambalo wanaakiolojia wamelichimba na kukuta dalili za watu wa kale sana kisiwani, lina heshima yake kwa wenyeji na halikuwekwa kwa ajili ya michezo.

Hapa niseme na ndugu yetu anayeogopa majini. Katika mapango mengi ya pwani mtakuta vitambaa vyeupe au vyekundu vimefungwa, kijungu cha ubani, pengine chupa ya marashi au vyakula vilivyowekwa pembeni. Hiyo ni mizimu ya watu, mahali wanapopeleka nadhiri na maombi yao, na mambo hayo yapo hata ndani ya mihrabu za misikiti iliyobomoka. Sitamwambia aamini wala asiamini. Ninachojua ni kwamba mgeni anayebisha hodi, anayeongozwa na mtu wa kijiji hicho, asiyegusa kitu alichokikuta na asiyefanya kelele, huwa hana ugomvi na mtu yeyote, awe wa juu ya ardhi au wa chini yake. Ikiwa mwenyeji atawaambia siku hiyo pango halishukiwi, msibishane naye wala kumwongezea pesa ili akubali. Ondokeni, mapango mengine yapo. Na mkipita vijijini, vaeni: kanga au kitenge juu ya nguo ya kuogelea kinatosha kuwaondolea aibu ninyi na wenyeji wenu.

Magofu ya Unguja yenyewe yanastahili siku moja, si zaidi, kwa safari kama yenu. Kutoka Jambiani ni karibu kufika Kizimkazi Dimbani, ambako upo msikiti wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ukutani yanayotaja mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Si gofu, watu wanasali humo hadi leo, kwa hiyo ombeni ruhusa na vueni viatu. Upande wa kaskazini yapo mabaki ya Fukuchani na Mvuleni, nyumba za mawe za karne ya 16 zenye kuta nene na uzio. Wengi huziita nyumba za Wareno, ingawa ujenzi wake ni wa Kiswahili, na nadhani jina hilo linaishi kwa sababu tumezoea kumpa mgeni sifa ya kila ukuta mnene tunaoukuta. Mvuleni inawahusu zaidi, maana nyuma ya gofu kuna pango lenye maji, na mtu akisimama hapo haulizi tena kwa nini mwenye nyumba alichagua kujenga pale. Maruhubi, kasri la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1882 na kuungua mwaka 1899, na mabafu ya Kidichi yaliyojengwa mwaka 1850, mnaweza kuyapita mkiwa njiani kurudi mjini.

Sasa Kilwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni takriban kilomita 300 za lami, safari ya siku kwa basi la kusini mkihesabu kusubiri. Lala Masoko, na kesho yake asubuhi pitieni ofisi inayosimamia magofu mlipe kiingilio, mpewe kibali na mwongozaji. Bila kibali nahodha mwaminifu hatawavusha, na yule atakayekubali kuwavusha bila kibali si mtu wa kumkabidhi maisha yenu baharini. Mlango wa bahari kati ya Masoko na kisiwa una upana wa kilomita 2 hivi.

Kilwa Kisiwani si mji uliohamwa, na ni vizuri mlijue hilo kabla ya kufika, kwa sababu watu wanaishi pale, wana mashamba, shule na watoto, na magofu yapo katikati ya maisha yao. Msikiti Mkuu ndio wa kwanza kuonwa. Sehemu yake ya kaskazini, iliyo ndogo, ni ya karne ya 11 au 12, na sehemu kubwa ya kusini yenye nguzo na makuba iliongezwa katika karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, kisha ikajengwa upya baadaye. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa mwaka 1331 wakati wa sultani huyohuyo na kuusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri, lakini aliandika kwamba nyumba zake zilikuwa za miti. Watu hushangaa wakisikia hivyo wakiwa wameegemea ukuta wa jiwe. Mimi naona alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa: nyumba za mawe zilikuwa za wachache, na mji uliobaki ulikuwa wa miti na udongo, umekwisha, umebaki ndani ya mchanga mnaoukanyaga kati ya gofu moja na jingine. Kwa hiyo eneo wazi ndani ya magofu lisihesabiwe kuwa ni tupu, wala lisifanywe mahali pa kuwasha moto au kuchimba shimo la taka.

Tembeeni kwa miguu kuelekea mashariki hadi Husuni Kubwa, kasri la al-Hasan lililojengwa juu ya jabali linalotazama bahari na ambalo halikumalizika. Lina vyumba zaidi ya 100, na ndani yake, kwa ninyi mnaotafuta kuogelea, kuna birika la pembe nane lililojengwa kwa ufundi mkubwa. Leo ni kavu. Kaeni ukingoni mwake mkafikirie kazi ya kulijaza: kila tone lilitoka kisimani, likainuliwa kwa kamba na kubebwa na mtu. Katika nchi ambayo maji matamu ni tabaka jembamba juu ya chumvi, kulijaza birika la kuogea ilikuwa namna ya kutangaza utajiri kuliko hata dhahabu ya Sofala, bandari iliyo katika Msumbiji ya leo, ambayo Kilwa ilikuwa ikiisimamia.

Nawaomba pia mwangalie jambo moja kwa karibu, maana likishaonwa mara moja huonekana kila mahali hadi Lamu. Pimeni upana wa vyumba kwa hatua. Ni vyembamba, mara nyingi havifiki mita 3, hata kama urefu wake ni mkubwa. Dari za kawaida zilishikwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kubeba uzito wa mawe na chokaa ikipita urefu fulani, kwa hiyo mkoko ndio uliopima chumba. Tazameni juu ya ukuta mtaona matundu yaliyopangwa kwa mstari ambamo boriti zilikaa kabla hazijaoza. Kisha tazameni miimo ya milango, zidaka (vishubaka vya ukutani) na mihrabu: hayo mawe laini yenye nukta ndogo ndogo ni tumbawe bichi, lililokatwa baharini na kuchongwa kabla halijakauka na kuwa gumu. Ukuta wa kawaida ni wa jiwe la nchi kavu, nakshi ni ya jiwe la baharini.

Msipande kuta. Kilichozishika kwa miaka 600 ni chokaa, na maji ya mvua yakishaingia juu ya ukuta usio na paa hula chokaa hiyo kutoka ndani bila dalili yoyote nje. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 kwa sababu ya kubomoka na kuliwa na mawimbi, na yakaondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Mtu mmoja anayetaka picha akiwa juu ya tao anaweza kurudisha nyuma kazi hiyo kwa dakika moja, na anaweza kuvunjika mguu mahali ambapo hospitali iko ng'ambo ya maji. Na msiokote kitu. Chini mtaviona vigae vya vyungu, vipande vya kaure ya China vyenye rangi ya kijani au buluu, ushanga, hata sarafu ndogo ya shaba yenye jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, yote mawili kwa vina. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivyo, lakini hata bila sheria, kigae kilichobaki mahali pake humwambia mchimbaji nani alikula wapi na lini, na kigae kilichomo mfukoni hakimwambii mtu chochote.

Songo Mnara ndiyo sababu ya mimi kuwapeleka kusini, na hapo ndipo ningependa mtumie muda mwingi. Ni kisiwa kilicho kusini ya Kilwa Kisiwani, na boti ya injini kutoka Masoko huchukua zaidi ya saa moja. Kipo kijiji cha wavuvi katika kisiwa hicho, lakini mji wenyewe wa kale hauna mkazi. Ulistawi kuanzia karne ya 14 hadi 16, ukiwa na ukuta kuuzunguka, misikiti mitano, kasri, na nyumba za mawe kama 40 zilizojengwa kwa kukaribiana, kila moja na kiwanja chake cha ndani, mabaraza ya kukalia, zidaka na chumba cha kutawadhia. Kwa kuwa haukujengwa upya juu yake, mnaweza kuingia kwa mlango wa mbele wa nyumba ya mtu na kupita alipopita yeye: barazani alipopokea wageni wa biashara, kiwanjani, kisha vyumba vya ndani ambako mgeni hakufika. Hakuna jumba la makumbusho litakalowapa hisia hiyo. Kuanzia mwaka 2009 timu ya wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher ilichimba hasa sehemu zilizo wazi ambazo wachimbaji wa zamani walizipuuza, na ikakuta nyumba za udongo, na makaburi ambayo watu waliendelea kuyazuru na kuyaachia sarafu na vijiwe vyeupe. Mji huo, basi, una desturi ya kuacha kitu kaburini, wala hauna desturi ya kuondoka nacho.

Kwa nini ulihamwa? Watu wanapenda jibu moja, lakini miji haifi kwa sababu moja. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliiteka Kilwa, wakajenga ngome, na mwaka 1512 wakaiacha. Ila walichokwisha kukivuruga ni biashara ya dhahabu, na mji mdogo uliokuwa ukiishi kwa biashara hiyo haukuwa na sababu ya kubaki. Mahali pengine maji yalichangia. Gede, karibu na Watamu nchini Kenya, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17, na mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kuuchimba mwaka 1948, aliona kwamba kisima cha karibu na Msikiti Mkuu kilikuwa kimechimbwa tena kwenda chini zaidi, ishara kwamba maji yalikuwa yakishuka. Ukiongeza na mashambulizi ya nyakati hizo, unaelewa familia zilivyofunga mizigo. Mkiwa Songo Mnara, vitafuteni visima, mchungulie ndani kwa tochi mkiwa mmelala kifudifudi na si mmesimama ukingoni, na msichote maji hayo ya kunywa. Chukueni maji yenu kutoka Masoko, angalau lita 3 kwa mtu, kwa sababu dukani hamtafika.

Viatu vya raba vinavyobana mguu ni lazima, kwa sababu kutoka botini hadi mjini mtakanyaga matope na mizizi ya mikoko. Mkitembea katika maji yasiyoonekana chini, buruzeni miguu badala ya kuinyanyua, ili samaki taa aliyelala mchangani apate kuondoka kabla hamjamkanyaga. Ndani ya magofu angalieni nyuki. Hupenda matundu ya boriti, na moshi wa sigara au marashi makali huwaudhi. Mkirudi Masoko mchana ungalipo, ogeleeni ufuko wa Jimbiza bila kwenda mbali, maana katika mlango kati ya bara na kisiwa mkondo una nguvu.

Kichocho kinastahili aya yake. Konokono wanaokieneza huishi katika maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, yaliyotuama au yaendayo polepole, yenye majani ukingoni, na ugonjwa huu umekuwepo Unguja na Pemba kwa miaka mingi, kama ulivyo sehemu nyingi za bara. Bahari haina tatizo hilo. Lakini mkishawishiwa kuogelea katika kijito au bwawa lililo wazi, kataeni, hata kama watoto wa kijiji wamo ndani wanacheza. Na kwa kuwa mtakuwa mmeingia katika maji baridi, nendeni zahanati mkapime wiki sita hadi nane baada ya kurudi, hata kama hamna dalili. Dawa yake, prazikwanteli, ipo na inafanya kazi.

Kuhusu Chemka na Engaruka, waliozipendekeza hawakukosea. Chemka, wilayani Hai, ni chemchemi ya maji ya uvuguvugu, ya buluu, chini ya mizizi ya miti mikubwa, na kwa kuogelea tu inaishinda Unguja. Lakini hapo huwa na watu wengi mwisho wa wiki, kamba ya kubembea huwavuta wasiojua kuogelea kufanya mambo ya kishujaa, na kina hakilingani kila mahali. Engaruka, wilayani Monduli, ni kitu cha namna nyingine. Huko hamtaona mji wenye milango na misikiti. Mtaona matuta ya mawe, makazi yaliyopangwa mteremkoni, na mifereji iliyoumwagilia maji ukanda wa mashamba wa kilomita za mraba 20 hivi, kazi ya wakulima walioishi hapo kuanzia kama karne ya 15 kisha wakaondoka katika karne ya 18. Ni gofu la shamba. Anayelifurahia ni yule anayependa kufuata mfereji mmoja juani kwa saa nzima akijiuliza maji yalipindaje kona ile, na kutokana na swali lenu sidhani kama ninyi nyote sita ni watu wa aina hiyo. Siku mtakapokwenda, unganisheni na maporomoko ya Ngare Sero karibu na Ziwa Natron, ili juhudi ya Engaruka ipate mahali pa kupoza miguu.

Limebaki suala la tarehe, na hili msilipuuze, kwa sababu pwani hupangwa kwa mwezi wa mbinguni kuliko kwa kalenda ya ofisi. Mwishoni mwa Septemba kusi, upepo wa kusini, huwa inalegea na maleleji, majira ya utulivu kati ya pepo mbili, yanakaribia, hivyo bahari ya Kilwa huanza kutulia. Lakini Songo Mnara hutaka maji ya kujaa saa za mchana: yakipwa, boti husimama mbali na mtatembea matopeni kwa muda mrefu, na mkichelewa kuondoka mtasubiri hadi yajae tena. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, bahari kwa kawaida hupwa sana asubuhi na kujaa alasiri, jambo ambalo halifai kwa safari hiyo. Siku za maji mafu, kama wiki moja baadaye, hujaa kati ya asubuhi na adhuhuri na hayashuki sana. Kwa hiyo, kama likizo inaruhusu kusogezwa siku mbili tatu, ondokeni Morogoro kwa treni siku ya mwezi mpevu au mwandamo na kuvuka Unguja jioni hiyohiyo; siku ya pili na ya tatu ziwe za mapango na Kizimkazi; siku ya nne mpite kaskazini Mvuleni asubuhi, kisha boti ya kurudi Dar es Salaam; ya tano ni basi la Kilwa, ya sita Kisiwani, na ya saba, maji yakiwa mafu, Songo Mnara. Ya nane ni ya njiani. Ikiwa likizo haisogezeki na mwezi umewapinga, geuzeni mpangilio, muanze na Kilwa na kumalizia Unguja, na mpigieni nahodha simu siku mbili kabla ili awaambie saa ya kuondoka Masoko, kisha mfuate saa aliyoitaja yeye.